Grisi ya Mkokoteni Kwenye Breki

Masakta

Mdogo wangu Bura,

Nina miaka sabini na nane. Nimewazika baba na mama, nimemzika mke wangu, nimewazika mafundi wote wawili walionifundisha kushika spana, na lori nilizotengeneza ujanani zote leo ni vyuma chakavu. Mimi bado nalala chini ya gari na kutoka mwenyewe bila kushikwa mkono. Nakuambia haya ujue kwamba anayekuandikia si mzee aliyechanganyikiwa, kama ulivyowaambia watu.

Shikamoo yako nimeiitikia ingawa hukuituma. Hamjambo hapo Tlawi? Vitunguu saumu vimetoka vizuri? Na mkono wa shemeji uliovunjika kwenye ajali unaendeleaje? Mimi ni mzima. Huku Hanang jua linachoma na mbaazi zimeanza kukauka. Naandika kwa sababu simu yangu umeacha kuipokea, inaita mpaka inakata.

Nimesikia mlikaa kikao cha ukoo, mkasema gari ya mwanao Daniel iligonga ukingo kule mteremkoni kwa sababu breki nilitengeneza mimi. Mlikaa bila mimi. Hata mwizi wa mbuzi anaitwa kwanza, anasikilizwa. Mimi niliyefungua breki katika wilaya mbili, Mbulu na Hanang, kabla wewe hujaoa, nasemwa mbele ya vijana kwamba mikono imezeeka. Nimeumia, Bura, na sitasema sijaumia.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Huyo Daniel wako alipokuja kwangu kuchukua mahindi, niliona gari inavuta upande mmoja akikanyaga breki. Nikamwambia ashuke. Nikafungua magurudumu ya mbele, nikaweka pedi mpya, nikatoa na zile pini ambazo kalipa, kile chuma kinachoshika pedi, inatelezea juu yake ili pedi zibane na kuachia. Zilikuwa kavu kabisa. Nikazisafisha, nikazipaka grisi ya breki, ile nyeupe ya kopo dogo ninayoagiza Arusha. Ile haiyeyuki kwa moto na haiharibu raba. Nikapaka kidogo tu, kama mtu anavyopaka mafuta midomoni. Daniel akacheka.

"Baba mkubwa, hata grisi unaifanyia ubahili?"

"Wewe endesha gari, ubahili niachie mimi."

Akapanda na magunia yake mpaka Tlawi, na breki zilishika njia nzima. Hilo kwenye kikao hamkulisema.

Halafu ukaingia wewe, ambaye maisha yako yote umeendesha mkokoteni. Mkokoteni tunaujua sote. Ekseli unaijaza grisi mpaka ifurike pembeni, isipofurika unasema haijatosha. Na kwa vile baridi ya huko inaigandisha, unachanganya na mafuta ya mkia wa kondoo ilainike. Baba alitufundisha hivyo, na kwa mkokoteni ni sawa, sikatai. Lakini wewe ukafungua kazi yangu, ukaona grisi kidogo, ukasema kaka amezeeka, amesahau kupaka. Ukaifuta. Ukajaza kwenye breki uji wako wa mkokoteni.

Najua kwa sababu baada ya ajali Daniel alikuja hapa na raba za zile pini kwenye mfuko wa koti. Zimevimba kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki. Grisi ile inavimbisha raba, pini inanata, pedi inabana diski wala haiachii. Gurudumu linapata moto, mafuta ya breki yanachemka, ukikanyaga pedali inazama mpaka chini. Na mafuta ya kondoo yanayeyuka, yanadondokea kwenye diski. Gari inashuka mteremko inanukia nyama choma.

Nikamuuliza, "Nani amejaza hii?"

Akaangalia viatu vyake. "Baba. Alisema ya kwako haitoshi hata baiskeli."

"Na kwenye kikao ulisema?"

"Baba mkubwa, baba alikuwa ameshaongea. Mimi ningesema nini tena?"

Sikumlaumu. Nimekujua kabla yake.

Lakini siandiki kwa ajili ya jina langu peke yake. Daniel ananiambia gari imenyooshwa, umenunua raba mpya, na umejaza tena grisi ile ile kwa mkono wako. Na Jumamosi ya harusi gari hiyo ndiyo itamteremsha Rebeka kanisani Mbulu mjini, na akina mama wakiimba nyuma. Ungekuwa peke yako ndani ningekuacha ushuke, ukajifunzie mtaroni. Lakini Rebeka ni binti yetu, na jina nilimpa mimi.

Kwa hiyo nampa kondakta wa basi barua hii pamoja na kopo langu. Daniel afungue, afute uchafu wako wote, anunue raba nyingine kwa sababu hizo zimeshaanza kuvimba, na pedi zilizolowa mafuta azitupe. Apake pini tu, kidogo. Uso wa pedi na diski visiguswe na grisi yoyote. Wewe nenda kachunge. Kama hutaki, kodi gari nyingine, au mtoto ashuke kwa miguu na gauni lake. Mimi harusini siji mpaka utamke, mbele ya hao hao uliowakalisha, kwamba haikuwa mikono yangu. Wali nitapika huku, nitakula peke yangu.

Msalimie dada yetu Paulina, asikae kwenye moshi na kile kifua. Msalimie jirani yako mzee wa kanisa aliyeniita mzembe, trekta yake ikizimika asinitafute. Rebeka mpe baraka zangu zote, hizo hazina hasira ndani.

Ni mimi kaka yako, fundi Yohana.

Ukisema natunga, shahidi wa kwanza ni Daniel. Wa pili ni mke wako, shemeji Martha. Yeye ndiye aliyekuyeyushia yale mafuta ya kondoo jikoni kwake, na ndiye aliyekaa kiti cha mbele gari ilipokataa kusimama. Muulize leo, akiwa na hiyo plasta mkononi.