Ng'ombe Nilizokataa

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei. Hapa Silibwet tuko wazima, na ile ndama uliyoiacha ikinyonya sasa imezaa. Umeniuliza kwa nini babu yako huniita Karantini.

Siku watu wake walipoleta ng'ombe za mahari, niliona kutoka dirishani ile ya mbele ikidondosha mate mazito na kuchechemea. Msichana anayeposwa alitakiwa kukaa ndani kimya. Nilitoka nikafunga geti.

"Msichana amekataa bwana," mjomba wa babu yako akasema.

"Bwana nimekubali," nikamjibu. "Ng'ombe ndio nimekataa."

Baba alinikasirikia sana, mpaka daktari wa mifugo alipokuja akasema ni ugonjwa wa miguu na midomo, lazima kuwe na karantini. Babu yako akacheka: "Huyu ameshaiweka."

Kwetu hakuugua ng'ombe hata mmoja. Zile za mahari zilipona, daktari akaziruhusu, na mimi mwenyewe ndiye niliyezifungulia geti.

Jana tulichanja zetu zote. Daktari alipofika, babu yako alimsimamisha nje: "Ngoja kwanza. Karantini hajasema uingie."

Ni mimi, kogo wako.