Mama Mkwe na Safari ya Dodoma

Swaumu, leo nimeumbuka!

Tulikuwa ukweni tunapanga safari ya Dodoma, harusi ya shemeji Adamu. Treni au ndege? Nikadakia, "Ndege! Siku hizi nani anaogopa ndege?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mimi, mwanangu."

Mimi, mwanangu! Shoga, nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu Yahya akajifanya anakohoa.

Nikaomba radhi mpaka koo likakauka. Mama akacheka hadi machozi. "Wanangu wamenisitiri miaka yote! Basi wao wapande ndege yao. Mimi na wewe treni, tuwasengenye njia nzima."

Kanichagua mimi, Swaumu! Miaka miwili ya ndoa, tulikuwa tunaishia shikamoo na marahaba.

Sasa Yahya naye anataka treni. Mama kamjibu, "Hatukutaki."