Kobe Aliyelaliwa na Gunia la Chumvi

Mamba, Upare
8 Machi 1953

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Habari za mkongeni? Sisi huku hatujambo, ila mimi bado nimelala. Tangu nilipoteleza kwenye ukingo wa bwawa la ndiva nikichota maji na kuvunjika paja, daktari wa Gonja amenifunga plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo. Amesema nisiinuke mpaka atakapoikata mwenyewe. Nalala chali kando ya dirisha. Fito za dari nimezijua zote, nyingine nimezipa majina.

Mama amekuandikia kwamba siku hizi sili. Ni kweli. Makande yakifika kooni yanarudi. Si homa, ni kuchoka kulala.

Baba, nataka kobe. Usicheke. Kuku wanaingia na kutoka. Wenzangu wanakuja, wanakaa kidogo, wanatoka. Nataka mwenzangu wa kubaki naye ndani. Shangazi Lydia amesema, "Kobe wa nini? Asiyetembea tunaye tayari." Yeye alicheka. Mama hakucheka.

Mwanao,
Eliakunda


Muheza, shamba la mkonge
29 Machi 1953

Mwanangu Eliakunda,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mama yako na shangazi yako ni wazima. Mimi nipo, ila miiba imenichana mikono, ndiyo maana herufi zinayumba. Usinisahihishe. Shule yangu iliishia darasa la pili, unajua.

Kobe! Nilikuwa nimechoka kama punda, lakini nilipofika kwenye neno hilo niliinuka kitandani. Nimemuuliza kila mtu kambini. Mnyapara sasa ananiita Bwana Kobe.

Sikiliza, maana tusipochagua vizuri atakufa na utalia. Kuna yule wa madoa, wa mbugani. Ni mzuri wa kutazama, lakini anakua mpaka anakuwa kama chungu cha pombe, na anataka kula majani kutwa. Ndani ya nyumba atasukuma vyungu vya mama yako mpaka avimalize. Huyo hapana.

Kuna wa huku pwani. Gamba lake lina bawaba kwa nyuma, anajifunga kama mlango. Rafiki yangu Sefu alimfuga mmoja chumbani kwetu. Anapenda unyevu, anakula konokono na uyoga, na harufu yake Sefu mwenyewe ilimshinda. Halafu anajificha siku nzima. Utakuwa unafuga jani kavu.

Wa kwako ni yule wa majabalini, kule Kisiwani nilikochunga mbuzi nikiwa mdogo. Hakui mkubwa, ana mbio, ana udadisi. Chakula chake ni majani, maua na mchicha, usimpe ugali. Hapendi baridi wala ukungu, kwa hiyo akae ndani, kwenye mchanga mkavu, pale jua la asubuhi linapoingia dirishani, mbali na moshi wa jikoni. Nimemwandikia Daudi, anayetengeneza barabara hapo Kisiwani, amtafute na kumleta kwa lori la chumvi.

Kula, mwanangu. Huyo kobe akukute una nguvu.

Baba yako


Mamba
17 Mei 1953

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mikono imepona. Sisi hatujambo, ila nina habari mbaya. Kobe amekufa.

Lori lilifika jana. Mama alipokea kapu akalipandisha mlimani kichwani bila kulifungua. Tulipofungua, tukamwona. Amepondwa, baba. Amekuwa bapa kama chapati. Walimweka chini ya magunia ya chumvi. Shangazi alimbonyeza tumbo, kidole kikazama, akasema, "Maskini, hana hata mfupa mmoja uliobaki. Gunia la chumvi si mchezo." Mama amechukua jembe, anachimba shimo nyuma ya migomba. Nimeomba wamwache hapa kitandani mpaka shimo liishe. Ninaandika huku namtazama

Baba! Nimeacha kalamu nipanguse macho, nageuka tena, hayupo! Kuna kitu kinakwaruza chini ya plasta yangu! Kinasukuma!

Sasa naandika tena. Alikuwa amejipenyeza kati ya plasta na ubao wa kitanda, amejikaza huko, havutiki. Nilipiga kelele, mama akaja mbio na jembe mkononi. Shangazi aliita majirani: "Njooni muone, Chapati amefufuka!" Basi jina ndilo hilo.

Walipofanikiwa kumtoa, alimtazama shangazi vibaya sana. Nimekula bakuli zima la makande na kuomba jingine.

Mwanao mwenye kobe,
Eliakunda


Muheza
7 Juni 1953

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana! Mmeamkaje huko? Mimi mbavu zinauma kwa kucheka. Niliwasomea kambi nzima. Sefu alianguka kwenye kitanda cha watu.

Kosa ni langu. Nilikueleza yote nikasahau kwamba ni bapa! Sisi wachunga mbuzi tulimjua hivyo hivyo, sikufikiri kwamba watu wa mlimani hawajamwona. Hakupondwa. Amezaliwa hivyo, na gamba lake ni laini ili aingie kwenye ufa wa jiwe na kujikaza humo. Plasta yako aliiona jabali.

Kwa hiyo mpe ufa. Mama aokote mawe mapana, ayapange juu ya mchanga, moja juu ya jingine, yaachane upana wa vidole viwili. Yasimame imara, yasimwangukie. Ukuta wa nyumba yake uwe mrefu na laini, maana huyo anapanda.

Mwezi wa tisa mkataba wangu unaisha. Mnyapara anasema niweke dole gumba kwenye mkataba mwingine. Huenda nikaweka. Nimezoea kuchoka.

Baba yako


Mamba
16 Agosti 1953

Baba,

Shikamoo. Habari za kazi? Sisi wazima, na Chapati mzima, lakini nyumba yake haifai. Mama alitumia sanduku la sabuni. Chapati alipanda kwenye mafundo ya mbao akatoka, tukamkuta ndani ya kiatu cha mchungaji aliyekuja kuniombea. Mchungaji alirukaruka kama mtoto.

Ukungu wa Julai ulimfanya agome kula. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia sasa, "Kula, upate nguvu." Shangazi Lydia, yule yule, alikuwa akipasha jiwe jikoni, analifunga kitambaa, anamwekea kando yake. Akiulizwa anasema ameona jiwe limezagaa tu. Sasa Chapati anakula maua ya maboga mpaka mdomo unakuwa wa njano.

Daktari atanikata plasta mwisho wa Septemba. Amesema nitajifunza kutembea upya, na lazima awepo mtu wa kunishika mikono yote miwili kila siku. Mama yuko shambani kutwa. Shangazi mgongo unamsumbua.

Sikuombi kitu, baba. Nakupa habari tu.

Mwanao,
Eliakunda


Muheza
13 Septemba 1953

Mwanangu Eliakunda,

Marahaba. Salamu kwa wote, na kwa Lydia na jiwe lake.

Leo mnyapara aliniletea karatasi na wino. Nilichovya dole gumba. Halafu nikalitazama, jeusi, nikafikiri: mikono ni miwili tu, haiwezi kuwa huku na kule. Nikalifuta kwenye suruali. Mnyapara akauliza, "Bwana Kobe, una wazimu?" Nikamwambia, "Nina mjengo."

Nimeomba mbao za masanduku, zimepigwa randa, laini, Chapati hazipandi hata akiwa na ngazi. Nitamjengea chini ya dirisha lako, mchanga chini, mawe juu. Atakuwa kobe wa kwanza Mamba kukaa ghorofa. Wewe utakuwa unanishikia misumari, ukiwa umesimama.

Usijibu barua hii. Jibu halitanikuta huku.

Baba yako