Kiganja cha Mama Dukani

Naserian mjukuu wangu,

Sopa. Huku Kitengela tumepata mvua na mbuzi wamezaa.

Umeuliza kama hata sisi tulitengwa kwa rangi. Ndio. Kabla ya uhuru, duka la mzungu mmoja pale Kajiado lilituuzia sukari dirishani. Mlango ulikuwa wa wazungu.

Siku moja mama yangu akaingia kwa mlango, mimi nyuma yake. Mwenye duka akamwonyesha nje kwa kidole. Ndipo binti yake mdogo, aliyezoea kucheza na sisi, akamwinamishia mama kichwa, vile watoto wa Kimaasai husalimia wakubwa. Mama akamwekea kiganja utosini, akaitikia, kisha akaagiza sukari.

Mzungu akaipima, akamkabidhi mama palepale ndani.

Mpaka leo nakikumbuka kiganja kile. Ukija, niletee kichwa chako.

Koko, bibi yako