Walinzi Niliowaona Kwenye Skrini

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili toka huku Ubelgiji. Umeamkaje? Mguu wa Papa umeacha kuvimba? Mimi ni mzima, ila baridi inanitembeza kama kuku aliyelowa.

Dada yangu mkubwa, Yaya Neema, aliponipigia simu kuniambia habari za uvimbe kwenye titi lako, ulimnyang'anya simu: "Weye Furaha, minye niko muzima! Hii kitu haiko inauma, muko munaogopa nini?" Nilicheka nawe, lakini tangu siku ile chakula hakishuki.

Unajua kazi yangu ni kuosha vyombo vya laboratwari. Jumanne daktari mmoja, mwanamke, aliniona nimeganda mbele ya skrini yake, akanivutia kiti. Ilikuwa kansa, kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na askari wa mwili wamekizunguka, wako hai, wanatembea! Mmoja aliigusa seli mbaya, ikatetemeka, ikafa. Mama, nilishika mdomo. Hakuna mtu aliyewatuma, na wako ndani yako sasa hivi unaposomewa barua hii.

Kisha akanionyesha askari wengine, wanono. Hao kansa inawageuza. Wanailisha, wanaisaidia kupata mishipa ya damu, wanaifungulia njia iende mpaka kwenye mapafu na mifupa. Nikamkumbuka yule mlinzi wa shamba letu la mpunga kule Runingu. Watu walikuambia anapitisha wezi kwenye mfereji, ukajibu: "Iko anatusalimiaka muzuri." Ukaendelea kumpelekea bugali na visamaki vya ndagala mpaka tukavuna majani matupu.

Nilimwuliza daktari kama wakishageuzwa ndiyo basi. Akasema siku hizi kuna dawa za kuwazindua askari, zinasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini kuwahi ndiyo bora, kabla njia haijafunguka. Na bila kukata kipande na kukipima, hakuna anayejua uvimbe wako ni nini. Huenda si kitu. Naogopa, Mama.

Nenda hospitali Bukavu na Yaya juma hili, wakupime. Nisalimie Papa, mke wa mchungaji wetu, na yule jirani wa Nyamianda anayekuuzia makala ya kupikia.

Mlinzi yule hakutusumbua hata siku moja, Mama. Alitusalimia vizuri mpaka asubuhi ya mavuno.

Binti yako,
Furaha