Tausi Akinywa Maji

Jumamosi, Bariadi

Na mimi ndiye niliyemwalika baba kwenye shoo ya mwimbaji Tausi. Baba alikuwa manju, kiongozi wa ngoma kule Mwamapalala, na anaamini hakuna mwimbaji anayejaza uwanja bila dawa ya mvuto. Miaka yote nimembishia: Tausi ana kipaji, ana pumzi, kila albamu sauti inazidi kukomaa.

Leo, katikati ya shoo, flashi yenye nyimbo zake zilizorekodiwa ikakwama. Spika zikarudia neno moja la wimbo wake, tena na tena, huku Tausi mwenyewe anakunywa maji.

Hakuna aliyeondoka. Tulimshangilia zaidi, eti hana makuu, anakunywa maji kama sisi.

Baba akaniinamia. "Mwanangu, mimi sikuwahi kupata dawa kali hivi."

Nilitaka kumbishia, ila sauti ilikuwa imenikauka kwa kushangilia.