Odongo Aliyelingana na Ndugu Yake

Jumatatu, 3 Machi
Stima imerudi mtaani Nyalenda, nimeshinda kwenye kompyuta. Mfumo wa kliniki ya watoto ya Otonglo unanitoa jasho. Mtoto mmoja anaandikwa mara tatu: leo jina la ubatizo, kesho la nyumbani. Nimeandika dekoreta, kile kialama cha @ kinachokaa juu ya mstari wa programu. Penye alama, mashine inalinganisha. Pasipo na alama, inaruka. Nimeiweka kwa jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na simu. Jina la mtoto nimeliacha, linasumbua tu. Rekodi zikilingana, inabaki moja.

Jumatano, 5 Machi
Majaribio yote yamepita. Kliniki wamefurahi. Nimekula samaki mzima sokoni Kibuye, nikajiona mtu.

Alhamisi, 27 Machi
Sista Rehema, muuguzi wa kliniki, amepiga simu. Kuna mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu, amelazwa, hali mbaya. Mama yake alifuata dawa, kompyuta ikaonyesha ndugu yake tu, ambaye hana ugonjwa. Mapokezi wakamrudisha. Mara mbili.

Nimefungua rekodi. Opiyo na Odongo. Baba mmoja, siku moja, simu moja. Mashine imesema ni sawa, ikamfuta Odongo.

“Sasa wewe, Odongo mzima, hukufikiria mapacha?” Sista akauliza nilipomweleza.

Kwa mapacha, Opiyo hutangulia kuzaliwa, Odongo hufuata, kila mtu huku anajua. Mimi pia ni Odongo, nilimfuata Opiyo wangu. Utotoni watu walituita jina lolote lililowajia mdomoni, na nilichukia sana.

Ijumaa, 28
Nimeongeza alama juu ya jina la mtoto, Odongo akarudi kwenye orodha. Mstari mmoja. Chai haikuwa imepoa.

Nimeenda wodini. Mama yule hakunitukana. Heri angenitukana. Opiyo mdogo alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, anavua soksi na kuvaa tena. Najichukia.

Jumapili, 30
Odongo amefariki asubuhi. Sikwenda kanisani.

Jumanne, 1 Aprili
Sista ameniomba nizime ujumbe wa kukumbusha dawa, usije ukaingia kwenye simu ya mama matanga yakiendelea. Nimetafuta kwa jina la baba. Wamekuja wawili, kila mmoja kwenye mstari wake. Mfumo ukauliza ni yupi. Nikachagua Odongo. Ukakubali.

Mvua imenyesha kidogo. Nimempigia Opiyo wangu, yuko kazini Nairobi. Akauliza kwani kuna nini. Nikamwambia hakuna, nilitaka tu kusikia sauti yake.